Herufi Nne, Maneno Sitini na Manne: Jinsi Lugha ya Seli Ilivyosomwa

Ni jambo la kawaida kwa taaluma moja kuazima maneno ya taaluma jirani. Hata hivyo, hatudhani kuna taaluma iliyoazima kutoka kwetu sisi watu wa lugha kwa kiasi kikubwa kama ilivyofanya bayolojia ya seli katika karne ya 20. Mwanabayolojia akieleza jinsi seli inavyotengeneza protini, husema juu ya herufi, maneno, unukuzi, tafsiri, usomaji, alama za kukomea, hata makosa ya uchapaji. Maneno hayo ameyachukua kwetu, na sasa anayarudisha akitaka tumpe Kiswahili chake.

Kazi hiyo si ya mapambo. Mwaka 2021, chanjo za UVIKO-19 za aina ya mRNA zilipoanza kuzungumzwa katika nchi zetu, ulienea uvumi kwamba zingebadilisha jeni za mwenye kuchanjwa. Wauguzi, watangazaji na walimu waliotakiwa kueleza ukweli kwa Kiswahili walihitaji maneno yanayoonyesha kipi ni maandishi asilia, kipi ni nakala na nani huibeba. Kwa sababu hiyo, katika makala haya tunakusudia kusimulia jinsi wataalamu walivyoisoma lugha ya seli, kisha tuseme neno juu ya istilahi zake.

Kwanza tukumbushane mambo ya msingi. Protini si chakula cha maharage na nyama tu. Himoglobini inayobeba oksijeni katika damu ni protini. Insulini ni protini. Vimeng'enya vinavyosaga chakula tumboni ni protini. Kila protini ni mnyororo wa vipande vidogo viitwavyo asidi amino, na aina za kawaida za vipande hivyo ni 20. Maagizo ya kupanga vipande hivyo yamehifadhiwa katika DNA, ambayo ina herufi nne tu: A, T, G na C. Swali lililowasumbua wataalamu baada ya mwaka 1953, Watson na Crick walipoonyesha umbo la DNA kwa kutegemea sana picha na vipimo vya Rosalind Franklin na Maurice Wilkins, lilikuwa hili: mwenye herufi nne anaandikaje maagizo kwa mwenye herufi 20?

Wazo la kwamba urithi ni maandishi lilikuwapo kabla ya hapo. Mwanafizikia Erwin Schrödinger alilitoa katika mihadhara yake mjini Dublin mwaka 1943, ambayo ilichapishwa mwaka uliofuata kwa jina la What Is Life?. Aliyeanza kuyapigia hesabu, hata hivyo, alikuwa mwanafizikia mwingine, George Gamow, mzaliwa wa Odessa aliyehamia Marekani. Hesabu yenyewe hata mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Neno la herufi moja litatupa maneno manne. Herufi mbili, 4 mara 4, ni maneno 16, nayo hayatoshi asidi 20. Herufi tatu, 4 mara 4 mara 4, ni maneno 64, nayo yanazidi. Gamow, mtu wa mizaha mingi, aliunda klabu ya wanachama 20, kila mmoja akiwa na jina la asidi amino moja na tai yake maalumu. Klabu hiyo ilizalisha barua na nadharia nyingi, na karibu zote zilikosea.

Nadharia iliyokosea kwa namna ya kupendeza kuliko zote ni ya mwaka 1957, ya Francis Crick, John Griffith na Leslie Orgel. Walijiuliza swali ambalo kila aliyewahi kusoma hati ya zamani isiyotenganisha maneno atalielewa: kama herufi zimefuatana bila nafasi wala koma, seli inajuaje neno linaanzia wapi? Wakapendekeza kwamba ni baadhi tu ya maneno yenye maana, na yamechaguliwa kwa namna ambayo ukianza kusoma mahali pasipo sahihi hupati neno lolote. Hapo maneno kama AAA na UUU lazima yatupwe, maana yakirudiwa mara mbili hayaonyeshi mpaka. Yanabaki 60. Kati ya kila matatu yanayozungukana, mfano ACG, CGA na GAC, linaruhusiwa moja tu. Gawanya 60 kwa 3, unapata 20 kamili! Idadi ilikuwa sawasawa na ile ya asidi amino, na wengi waliona jambo zuri kiasi hicho haliwezi kuwa la uongo. Lilikuwa la uongo.

Crick alikuwa na wazo jingine, lisilo na hesabu za kuvutia, ambalo ndilo lililosimama. Mwaka 1955 aliwaandikia wanaklabu wenzake kwamba hakuna ufanano wowote wa kikemia kati ya herufi za asidi nasaba na asidi amino. Moja haiwezi kuitambua nyingine kwa kugusana. Kwa hiyo ni lazima awepo wa kati, anayeshika neno kwa mkono mmoja na asidi amino kwa mkono wa pili. Haukupita muda mrefu, Mahlon Hoagland na Paul Zamecnik huko Boston wakamkuta: ni molekuli ndogo za RNA, ambazo leo huitwa tRNA.

Hapa mwanafunzi wa isimu anapaswa kutulia kidogo. Tangu mwaka wa kwanza tunamfundisha kwamba lugha ni mfumo wa sauti za nasibu: hakuna kitu ndani ya neno "mti" kinachofanana na mti wenyewe. Mwaka 1962 François Chapeville na wenzake walionyesha unasibu huo ndani ya seli. Walichukua tRNA iliyokwisha kushika asidi amino iitwayo sisteini, kisha kwa ufundi wa kikemia wakaigeuza sisteini ileile kuwa alanini ikiwa bado imeshikwa. Mtambo wa seli ukaiweka alanini mahali ilipostahili kuwekwa sisteini, bila kuhoji. Yaani mtambo humwamini mkalimani wake kabisa. Akisema uongo, uongo huo ndio utakaoandikwa.

Likabaki tatizo la safari. DNA imo ndani ya kiini cha seli, ilhali protini hutengenezwa nje ya kiini, katika vijitambo viitwavyo ribosomu. Ni nani anayebeba maagizo? Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba kila ribosomu ina maagizo yake ndani yake, kama fundi anayejua kushona kanzu tu. Siku ya Ijumaa Kuu, 15 Aprili 1960, watafiti wachache walikutana katika chumba cha Sydney Brenner mjini Cambridge. Brenner alizaliwa Germiston, Afrika Kusini, mtoto wa fundi viatu mhamiaji kutoka Lithuania. Mgeni wa siku hiyo alikuwa François Jacob wa Paris, aliyekuja na habari za majaribio yao ya karibuni. Wakiwa katika mazungumzo, Brenner na Crick wakang'amua kwa ghafla kwamba RNA moja isiyodumu, ambayo wengine walikwisha kuiona katika bakteria walioshambuliwa na virusi, ndiyo mbebaji anayetafutwa.

Majira ya joto mwaka huohuo Brenner na Jacob walikwenda California kwa Matthew Meselson kulithibitisha jambo hilo. Walikuza bakteria katika chakula chenye atomi nzito ili ribosomu zao ziwe nzito, wakawaambukiza virusi, kisha wakawahamishia katika chakula chepesi. Kama virusi vingeleta ribosomu zao, zingekuwa nyepesi. Majaribio yaliharibika siku baada ya siku, kwani ribosomu zilikuwa zikisambaratika. Siku moja wakiwa wamejipumzisha ufukweni, Brenner akaruka akipiga kelele kwamba kasoro ni magnesiamu. Waliongeza magnesiamu nyingi, ribosomu zikashikamana, na jibu likaonekana: RNA mpya ya virusi ilikuwa imejishika kwenye ribosomu nzito za zamani. Ribosomu basi ni kama redio ya kaseti: hucheza kaseti yoyote itakayotiwa, iwe taarabu au hotuba.

Msimbo wenyewe, hata hivyo, haukufunguliwa na mtu yeyote wa klabu ya Gamow. Ulifunguliwa Bethesda, Maryland, na vijana wawili ambao wakubwa wa taaluma hawakuwa wakiwafahamu: Marshall Nirenberg, Mmarekani, na Heinrich Matthaei, Mjerumani. Hawakupiga hesabu za koma. Walisaga bakteria, wakachukua maji yake yenye ribosomu na kila kitu kinachohitajika, wakatia ndani yake RNA ya kutengenezwa yenye herufi moja tu iliyorudiwa: UUUUUU. (Katika RNA, herufi U hushika nafasi ya T.) Kisha wakajaribu asidi amino moja baada ya nyingine, wakitia alama ya mionzi ili kuona ni ipi itakayoungwa katika mnyororo. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 1961, Nirenberg akiwa safarini, Matthaei alipata jibu: ni fenilalanini peke yake. Neno la kwanza la lugha ya seli likawa limesomwa: UUU ni fenilalanini. Na ile nadharia nzuri isiyo na koma ikaanguka siku hiyo, kwa kuwa ndani yake UUU halikuruhusiwa kuwa na maana.

Mwezi Agosti Nirenberg aliwasilisha matokeo hayo katika kongamano la kimataifa la biokemia mjini Moscow. Chumba kilikuwa karibu kitupu. Bahati nzuri Meselson alikuwamo. Alimwendea Crick, na Crick akapanga Nirenberg asome makala yake tena mbele ya ukumbi mkubwa. Tunawakumbusha wanafunzi wetu wanaosikitika wakiwasilisha mbele ya viti.

Mwishoni mwa mwaka 1961 Crick, Brenner na wenzao wawili walithibitisha kwa virusi kwamba maneno yana herufi tatu na kwamba usomaji huanzia mahali maalumu na kuendelea tatu tatu, bila koma yoyote. Jaribio lao tunaweza kuliiga ubaoni kwa Kiswahili. Chukua sentensi yenye maneno ya herufi tatu tatu:

ALI ALA UJI LEO

Ondoa herufi moja, ile L ya kwanza, kisha endelea kusoma tatu tatu: AIA LAU JIL EO. Kila kitu baada ya pengo kimeharibika, ingawa "lau" imejitokeza kwa bahati tu. Lakini ukiondoa herufi tatu, yaani L ya ALI, L ya ALA na J ya UJI, unapata AIA AUI LEO. Mwanzo umeharibika, ila "leo" amerudi salama. Virusi vilivyopotezewa herufi moja au mbili katika jeni moja vilishindwa kazi. Vilivyopotezewa tatu vilirudia kufanya kazi, walau kwa kiasi. Hivyo ndivyo tatu ilivyojulikana.

Miaka mitano iliyofuata ilikuwa ya kujaza kamusi. Mbali na Nirenberg na Philip Leder, aliyefanya kazi kubwa ni Har Gobind Khorana. Huyu alizaliwa Raipur, kijiji kidogo cha Punjab ambacho sasa kimo Pakistan; kwa maelezo yake mwenyewe, familia yao ilikuwa karibu ndiyo pekee iliyojua kusoma na kuandika kati ya wakazi wapatao 100. Akiwa Wisconsin alitengeneza RNA zenye mpangilio aliouchagua. Akiandika UCUCUCUC, seli ilitoa serini, leusini, serini, leusini. Maana ukisoma tatu tatu utapata UCU na CUC kwa zamu. Kufikia mwaka 1966 maneno yote 64 yalikuwa na maana zake, na mwaka 1968 Nirenberg, Khorana na Robert Holley, aliyesoma muundo wa tRNA ya kwanza, walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Matthaei hakuwamo. Wapo waliolalamika wakati ule, na sisi tunaona walikuwa na hoja.

Kamusi hiyo ikoje? Maneno 61 yanataja asidi amino, na matatu, yaani UAA, UAG na UGA, ni nukta: mwisho wa sentensi. UAG liliitwa kaharabu kwa utani wa wanafunzi wa California, kwa sababu mwenzao mmoja aliitwa Bernstein, na neno hilo kwa Kijerumani ni kaharabu. AUG ni methionini na pia ndiyo alama ya kuanzia. Visawe ni vingi mno: leusini ina maneno sita, serini sita, ilhali triptofani ina moja tu, UGG. Utata, yaani neno moja kuwa na maana mbili, ni nadra sana. Lahaja zipo. Mwaka 1979 iligunduliwa kwamba katika mitokondria za binadamu, vile vijitambo vya nishati vyenye DNA yake, UGA si nukta bali ni triptofani. Lakini lahaja hizo hazikaribii hata kidogo tofauti kati ya Kimvita na Kiunguja. Bakteria, muhogo, mbu na mwanadamu husoma karibu kamusi moja. Ndiyo maana jeni ya insulini ya binadamu ikitiwa ndani ya bakteria, bakteria huisoma na kutoa insulini ya binadamu.

Turudi kwa Ali. Badilisha herufi moja bila kuondoa yoyote: ALI ALA UZI LEO. Sarufi haina kasoro, usomaji haujavurugika, ila Ali anakula uzi. Kosa la namna hii ndilo linalosababisha selimundu, na hapa historia inafika kwetu. Mwaka 1957 Vernon Ingram, huko Cambridge, alionyesha kwamba himoglobini ya wagonjwa wa selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa asidi amino moja tu: katika nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, wenye asidi 146, pana valini badala ya asidi ya glutamiki. Baadaye, kamusi ilipokamilika, ikawa wazi kwamba neno GAG limekuwa GUG. Kwa herufi hiyo moja, chembe nyekundu ya damu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo.

Kwa nini kosa baya hivyo halikupotea? Jibu lilipatikana Afrika Mashariki kabla hata msimbo haujasomwa. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walionyesha kwamba hapa Uganda wenye vinasaba vya selimundu ni wachache katika baadhi ya makabila na wengi sana kwa mengine, wakifika hadi asilimia 45 kwa Baamba. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya katika Bonde la Ufa, aliona kwamba wingi huo hufuata malaria: mkubwa pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, mdogo nyanda za juu. Akawapima watoto 290 katika eneo la Kampala. Kati ya 43 waliorithi nakala moja yenye kosa, 12 walikuwa na vimelea vya malaria; kati ya 247 wasio nayo, 113. Matokeo yalichapishwa mwaka 1954. Nakala moja yenye kosa humkinga mtoto na malaria kali; nakala mbili humpa selimundu. Uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016, uliopima damu ya watoto wachanga zaidi ya 97,000 wa Uganda, uliwakuta asilimia 13.3 wakiwa na nakala moja na asilimia 0.7 wakiwa na ugonjwa.

Neno "selimundu" lenyewe ni mfano mwema wa uundaji wa istilahi. Mama asiyejua kusoma, akiambiwa kwamba seli za mwanawe zina umbo la mundu, amekwisha kuelewa nusu ya jambo. Kwa istilahi nyingine za uwanja huu bado pana kuyumba. Kwa DNA kunakiliwa kuwa RNA tunapendekeza "unukuzi", kama tunavyosema unukuzi wa kifonetiki: lugha haibadiliki, hubadilika namna ya kuandika tu, T ikawa U. Inapozaliana DNA yenyewe, "urudufishaji" unatosha. "Tafsiri" ibaki kwa kazi ya ribosomu, maana hapo ndipo tunapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine, na tRNA aitwe "RNA kalimani".

Ubishi uko kwenye mRNA. Wengi husema "RNA mjumbe". Sisi tunaona neno hilo linapotosha. Mjumbe wa nyumba kumi au wa baraza husema kwa niaba ya waliomtuma, huamua, hupiga kura. mRNA haifanyi lolote kati ya hayo. Kiswahili kina neno la mtu anayechukua barua ofisini, akaifikisha mezani bila kuifungua, kisha kazi yake ikawa imekwisha: ni tarishi. "RNA tarishi" ingemweleza mtu mwaka 2021 jambo lililohitajika. Chanjo zile zilileta tarishi mwenye barua moja tu, ya kutengeneza protini ya miiba ya virusi vya korona. Barua ilipelekwa kwa ribosomu nje ya kiini. Tarishi huyo haingii kiini, hana njia ya kuandika chochote katika DNA, na baada ya muda mfupi seli humvunjavunja kama inavyowavunja matarishi wake yenyewe.

Ugumu wa kumtuma tarishi wa kigeni ulikuwa kwamba seli ilimshuku na kuwasha moto wa kinga kabla barua haijasomwa. Mwaka 2005 Katalin Karikó na Drew Weissman walionyesha kwamba ukiibadilisha kidogo herufi U, tarishi hupita bila kushukiwa na barua husomeka. Kwa kazi hiyo walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2023. Wanafunzi wa mwaka wa pili wanaofanya zoezi la istilahi muhula huu wanaombwa kupendekeza jina la Kiswahili la U hiyo iliyobadilishwa. Ni herufi ileile kwa msomaji, lakini si ileile kwa mlinzi wa mlangoni, na mpaka sasa hatujaona istilahi inayoyabeba yote mawili.